Nataka kutafiti jua na ngozi hapa Dodoma. Kuna maisha kwenye fani hii?

Nyemo_Mpunguzi

Shikamooni wakubwa, na habari zenu wa rika langu.

Nimemaliza shahada ya kemia UDOM mwaka jana. Kwa sasa najitolea kufundisha sekondari moja huku wilayani, na jioni nasoma makala za utafiti kwenye simu. Kinachonivuta ni jua na ngozi ya binadamu. Nimekulia Mpunguzi kwenye mashamba ya zabibu. Wakati wa kupogoa watu wanaingia shambani alfajiri na kutoka jua likiwa la utosi, na ukimfungua mtu kola ya shati, rangi ya shingo na rangi ya kifua ni kama za watu wawili.

Halafu mama yangu mdogo ana ualbino. Anauza mboga soko la Majengo. Mwaka juzi alitolewa kidonda kwenye mdomo wa chini, kidonda alichokaa nacho muda mrefu akiamini ni mdomo kupasuka kwa upepo wa Dodoma. Amepona na biashara inaendelea, ila nikimkuta nje saa saba mchana roho haitulii.

Nilipomweleza baba mkubwa kwamba nataka kusomea hili, akasema, "Jua lipo tangu enzi za mababu, wewe utalitafiti nini?" Nilikosa jibu la kumtosheleza.

Naomba wenye uzoefu mnisaidie. Kuna watu waliotumia maisha yao yote ya kazi kwenye jua na ngozi tu? Ni lazima niwe daktari? Na hayo wanayoyatafiti huko nje yanatuhusu sisi wenye ngozi nyeusi, au ni ya watu weupe na fukwe zao? Nataka kuamua kabla dirisha la maombi ya uzamili halijafunguliwa.

Kaka_wa_Nkuhungu

Hongera kwa shule dada Nyemo. Mimi nitasema ukweli wangu: saratani ya ngozi ni ya Wazungu. Sisi Mungu katupa melanini, ile rangi nyeusi ya ngozi. Babu yangu kachunga ng'ombe Bahi mpaka kazeeka, hajui losheni wala miwani, na ngozi yake haina hata doa. Soma mambo ya maji. Maji ya Dodoma yana chumvi, kila mtu analalamika, na hela ya utafiti ipo huko.

Tabibu_Kanda_ya_Kati

Marahaba Nyemo. Kaka wa Nkuhungu, nakuja kwako pia, una hoja ila umeikata nusu.

Nijitambulishe kidogo. Mimi ni afisa tabibu. Ngozi niliisomea Moshi, pale hospitali ya KCMC, kwenye kile kituo cha mafunzo ya ngozi kilichoanza mwaka 1992 ambacho kinapokea matabibu kutoka nchi nyingi za Afrika. Tangu nimalize nazunguka na huduma mkoba kanda hii, Chamwino, Kongwa, Kondoa, mpaka Manyoni. Watafiti wakija huku mimi ndiye ninayewapeleka vijijini na kuwachunguzia watu ngozi, kwa hiyo kazi yao naijua kwa karibu.

Swali la kwanza: wapo, na wa kumwangalia wewe ni Adèle Green wa Queensland, Australia. Mwaka 1986 yeye na wenzake walichunguza ngozi za watu wa mji mdogo unaoitwa Nambour. Mwaka 1992 wakarudi kwa watu 1,621 wa mji huohuo na kuwagawa kwa bahati nasibu. Kundi moja likapewa losheni ya kuzuia jua, yenye kipimo cha kinga (SPF) 15 na zaidi, lipake kila siku kichwani, shingoni, mikononi na viganjani. Kundi la pili likaendelea na mazoea yake. Hivyo hivyo mpaka 1996. Majibu yalitoka 1999: kwa waliopaka kila siku, uvimbe wa saratani ya seli bapa, aina mojawapo ya saratani ya ngozi, ulipungua kwa karibu asilimia 40. Aina nyingine, ile ya seli za msingi, haikupungua, na waliliandika hilo bila kulificha. Waliwapa watu vidonge vya beta-karotini pia. Havikusaidia, na hilo nalo likachapishwa.

Halafu wakaendelea kuwafuatilia. Mwaka 2011 ikaonekana kwenye kundi la losheni ya kila siku waliopata melanoma, saratani ya ngozi iliyo kali zaidi, walikuwa nusu ya wale wa kundi la pili, 11 dhidi ya 22. Mwaka 2013 wakaonyesha kwamba hata kuzeeka kwa ngozi kulikwenda polepole kwa waliopaka. Hesabu hapo: toka 1986 mpaka 2013, mji uleule. Baba mkubwa akikuuliza utatafiti nini, mwambie kuna mama amekaa na mji mmoja zaidi ya robo karne, na ushauri wa losheni tunaowapa watu leo unategemea sana uvumilivu wake. Kabla ya hapo watu walikuwa wanaamini tu kwamba losheni inazuia saratani. Hakuna aliyekuwa amethibitisha kwa binadamu kwa namna hiyo.

La pili, udaktari si lazima. Nina Jablonski ni mwanaanthropolojia. Mwaka 2000 yeye na mumewe George Chaplin waliweka takwimu za mionzi ya urujuanimno (UV), ile ya jua isiyoonekana kwa macho, za dunia nzima pamoja na vipimo vya rangi za ngozi, wakaonyesha jinsi vinavyofuatana: panapopigwa mionzi mingi ngozi ni nyeusi, na sababu kubwa waliyoitetea ni kwamba weusi unalinda foleti mwilini, aina ya vitamini B, ambayo mionzi inaiharibu na ambayo mjamzito hawezi kuikosa. Richard Setlow, mmoja wa watu waliotufundisha namna mionzi inavyojeruhi DNA, alikuwa mwanafizikia. Na hapa kwetu, losheni ya Kilisun inayotengenezwa Moshi kwa ajili ya watu wenye ualbino ilianzishwa na mfamasia kutoka Hispania, Mafalda Soto. Losheni ni kemia, Nyemo. Namna inavyokaa kwenye ngozi yenye jasho, inavyostahimili joto la ghala la zahanati, inavyopakika kwa mtu asiye na kioo nyumbani, yote hayo yanamtaka mtu wa maabara.

Sasa hili la tatu ndilo linaloniuma, nitakaa nalo.

Tanzania inakadiriwa mtu mmoja kati ya 1,400 ana ualbino. Ulaya na Marekani ya Kaskazini ni kama mmoja kati ya 17,000 hadi 20,000. Yaani tatizo lipo kwetu, na kitabu kimeandikwa kwao. Angalia hata ule mgawanyo wa aina za ngozi tunaofundishwa wote, wa Thomas Fitzpatrick wa mwaka 1975: ulianza na aina nne, zote za watu weupe. Ngozi ya kahawia na nyeusi iliongezwa baadaye. Lakini Watanzania hawakukaa kimya. Mwaka 1985 Luande na wenzake wa Dar es Salaam walichapisha kazi yao juu ya ngozi ya watu wenye ualbino nchini, wakaonyesha kwamba uharibifu unaanza mtoto angali mchanga na saratani inamkuta mtu akiwa kijana bado. Miaka yote hii nikiwa kliniki naiona kazi ile ikithibitika mbele ya macho yangu.

Nikwambie ninachokiona. Mtoto wa darasa la tatu ananijia, nampitisha kidole kwenye ukingo wa sikio. Kwa macho huoni kitu. Kwa kidole unasikia msasa. Hapo ndipo pa kuanzia, hapo tunagandisha kwa naitrojeni ya kimiminika na mtoto anarudi darasani siku hiyohiyo. Akija miaka kumi baadaye, sikio lile linahitaji upasuaji. Baada ya masikio naangalia mdomo wa chini, shingo ya nyuma, na mgongo wa viganja. Halafu namuuliza mwalimu: gwaride la asubuhi mnasimama upande gani? Mtoto mwenye ualbino macho yake ni hafifu, hivyo anasogezwa dirishani apate mwanga wa kuona ubao, na madirisha ya shule zetu nyingi hayana kioo. Mwalimu ana nia njema kabisa. Ni mtoto tu hajakingwa.

Na mama yako mdogo hakuwa mjinga kusema ni upepo. Juni na Julai Dodoma kuna baridi na upepo, mtu anahisi jua limepoa. Mionzi inayounguza ngozi haisikiki kama joto. Tuko nyuzi 6 kusini ya ikweta, mwinuko wa zaidi ya mita 1,100, na kiangazi chetu ni kirefu, anga jeupe. Kila mita 1,000 za mwinuko zinaongeza mionzi hiyo kwa kama asilimia 10. Mwanzoni mwa Machi na tena karibu tarehe 8 Oktoba jua linapita juu ya utosi wa Dodoma kabisa, kivuli kinaisha miguuni. Tena saa zetu zinafuata longitudo 45 na sisi tuko magharibi yake, kwa hiyo jua linafika juu kabisa kwenye saa sita na nusu hivi. Ukimwambia mtu "saa sita imepita, sasa toka", umemtoa kwenye saa mbaya kuliko zote.

Kaka, kuhusu babu. Ni kweli melanini inamlinda, na mimi simwambii mkulima mweusi wa Mpunguzi atoe hela ya unga akanunue losheni. Ushahidi wa kumwambia hivyo sina. Melanoma inayotupata sisi mara nyingi inakaa kwenye nyayo, viganjani au chini ya ukucha, mahali ambapo jua halifiki. Bob Marley ilimwanzia chini ya ukucha wa kidole cha mguu, ikagundulika 1977, akafariki 1981. Kwa hiyo babu avue viatu mumwangalie nyayo. Na macho yake je? Mwaka 1988 Hugh Taylor, Sheila West na wenzao walionyesha kwa wavuvi wa ghuba ya Chesapeake, Marekani, kwamba mionzi ya UVB, ile aina ya UV inayounguza ngozi, inachangia mtoto wa jicho. Hao hao ndio waliokuwa Kongwa, hapa kwetu, miaka hiyohiyo ya themanini wakitafiti trakoma. Mnunulie babu kofia ya pama.

Mama_Saluni_Chang'ombe

Tabibu umeongea, Mungu akubariki. Naomba Nyemo asisahau mkorogo. Mimi nina saluni, naona wateja. Dada anakuja mweusi mzuri wa asili, baada ya miezi uso mwekundu, mashavu mishipa inaonekana, akikaa juani anaungua kama mtoto mchanga. Wanachanganya krimu tatu nne kwenye kopo la mafuta, hakuna anayejua kuna nini ndani. Nimekataa kuuza kwangu na nimepoteza wateja kwa hilo. Akitokea msomi wa kemia akatueleza kwa lugha yetu kile kinachotokea, hata mimi nitabandika ukutani.

Kaka_wa_Nkuhungu

Tabibu nashukuru, la nyayo nitalifanyia kazi leo. Lakini na wewe usituogopeshe jua. Mbona kliniki wanatuambia mtoto apelekwe kwenye jua la asubuhi apate vitamini D? Mke wangu kaambiwa hivyo juzi tu. Jua ni dawa au ni sumu?

Tabibu_Kanda_ya_Kati

Swali zuri sana Kaka, na ndilo lililowagawa watafiti wenyewe mpaka leo. Mama Saluni, nitarudi kwako.

Tiba ya mwanga iliwahi kupewa Tuzo ya Nobel. Niels Finsen, Mdenishi, alitibu kifua kikuu cha ngozi kwa mwanga na akatuzwa 1903. Leo tunatumia mionzi ya urujuanimno kwa kipimo kutibu soriasisi, ugonjwa wa ngozi ya magamba. Vitamini D inatengenezwa kwenye ngozi na UVB. Richard Weller wa Edinburgh, yeye ni daktari wa ngozi, ameonyesha kwamba UVA, aina nyingine ya UV, inaifanya ngozi iachie gesi ya naitriki oksaidi kwenye damu na shinikizo la damu linashuka kidogo. Anashikilia kwamba madaktari wa ngozi wamehesabu madhara ya jua na kusahau faida yake. Wapo wanaompinga. Mimi nadhani kwa watu weusi hoja yake inastahili kupimwa kwa bidii kuliko ilivyopimwa mpaka sasa, hasa shinikizo la damu linavyotusumbua.

Ila sikia hili la jirani zetu. Mwaka 2012 Luxwolda na wenzake walichapisha vipimo vya vitamini D vya Wamaasai na Wahadzabe wanaoishi kwa desturi zao hapa Tanzania. Wastani ulikuwa 115 kwa kipimo cha nanomoli kwa lita, kiwango ambacho watu wengi wa Ulaya hawakifikii. Na watu hao, ingawa siku nzima wako nje, hukwepa jua la moja kwa moja kila wanapoweza. Wanakaa kivulini. Yaani huhitaji kubanikwa ili upate vitamini D ukiwa na ngozi nyeusi katika nchi hii. Ninaowawazia mimi ni watumishi wa Mtumba, kwenye mji wa serikali: asubuhi kwenye gari, mchana ofisini, jioni kwenye gari. Mpagazi wa Majengo na karani wa Mtumba wanaishi mji mmoja na jua wanalopata halifanani hata kidogo. Hakuna ushauri mmoja utakaowafaa wote wawili, na mtoto mwenye ualbino ndiyo kabisa, yeye vitamini D anaitengeneza haraka hata kwa mwanga kidogo.

Mama Saluni, asante kwa kukataa kuuza. Kwenye makopo yale mara nyingi kuna haidrokwinoni, steroidi kali kama klobetasoli, na mengine yana zebaki. Haidrokwinoni inazuia melanini isitengenezwe, steroidi inakondesha ngozi. Dada huyo amelipa hela kujivua kinga aliyozaliwa nayo. Asiache steroidi ghafla bila kuonwa, uso utalipuka, mlete kliniki.

Nyemo_Mpunguzi

Tabibu, shikamoo tena. Nimesoma mara mbili na nimemsomea mama mdogo kwa sauti. Ameuliza kama mwavuli wake wa sokoni unatosha. Sikujua la kumjibu.

Na mimi nauliza: ukiwa na mashine moja tu ya zamani ya kupima ufyonzaji wa mwanga, unaweza kuanza? Naweza kuombea nafasi ya kuitumia chuoni. Sina fedha za vifaa vya mionzi.

Tabibu_Kanda_ya_Kati

Marahaba. Unaweza, na hapa ndipo kemia yako inaponifurahisha.

Kuna plastiki nyembamba inaitwa polisalfoni. Tangu miaka ya sabini watafiti wanaikata vipande vidogo na kuvitia kwenye fremu ya kadi kama beji. Mtu anavaa begani au kwenye kofia siku nzima. UVB inapoipiga, plastiki inabadilika na kufyonza mwanga zaidi. Unapima ufyonzaji kwenye mawimbi ya nanomita 330 kabla ya kuvaa na baada ya kuvaa, tofauti inakupa kiasi cha mionzi kilichompata mtu yule. Mashine yako inatosha ili mradi inafika 330. Nyingine za zamani zinaanzia 340 kwenda juu, hivyo kagua kwanza. Utahitaji pia kulinganisha beji zako na kifaa kinachoaminika kwa siku kadhaa, hapo utaomba msaada wa idara ya fizikia. Na beji moja ikiachwa juani muda mrefu inajaa na kuacha kubadilika, kwa jua letu panga kuzibadilisha mchana.

Kuhusu mwavuli: unasaidia, hautoshi. Sehemu kubwa ya UVB haiji moja kwa moja toka kwenye jua, inatawanywa na anga lote na kuingia kwa pembeni. Akae katikati ya kivuli, nyuma yake pawe na ukuta au turubai, avae shati la mikono mirefu lenye kitambaa kilichoshikana, kofia pana inayofunika masikio na shingo, na losheni apake ya kutosha. Usoni na shingoni ni kama kijiko cha chai kizima. Wengi wanapaka kidogo mno kwa kuibania chupa, halafu kinga iliyoandikwa kwenye lebo hawaipati. Baada ya saa mbili arudie. Mdomo wa chini asiusahau, na kila baada ya miezi michache aonwe, kwa sababu aliyewahi kutolewa kimoja anaweza kuota kingine.

Sasa swali la uzamili wako ninalolipendekeza: kiasi gani cha UVB kinampata mtu sokoni, shambani, na kwenye gwaride la shule, chini ya mwavuli wa kawaida, chini ya turubai, na chini ya mwembe? Ni swali dogo. Lina majibu ya namba. Siku likijibiwa nitaacha kumwambia mama wa mboga "kaa kivulini" na nitamwambia kivuli gani. Mtafute msimamizi wa kemia, na wa pili awe wa afya ya jamii au wa ngozi. Hata kwa beji tu unahitaji kibali cha maadili, kwani unawavalisha watu. Anza kuulizia chuoni na NIMR, taasisi ya taifa ya utafiti wa tiba, mapema, kibali kinachukua muda kuliko unavyodhani. Kijijini uanze kwa mtendaji. Shuleni uanze kwa mwalimu mkuu na wazazi, na watoto wenye ualbino usiwapige picha kabisa, hata mzazi akikubali. Unajua yaliyowapata watu hawa nchi hii.

Nitumie ujumbe wa ndani. Nina fomu ya ridhaa tuliyowahi kuitumia, ipo kwa Kiswahili na nyingine kwa Kigogo kwa ajili ya wazee, ukaibadilishe ifae kazi yako.